Kiwanja Chenye Kichuguu

Mi sijui kukaa. Mama yangu alisema nilizaliwa na pilipili miguuni, na mume wangu, ambaye hakupenda kubishana na wakwe, alikubaliana naye haraka sana. Hata leo ukinipa kiti nakaa ukingoni. Lakini miaka ile ya Zaire, tulipoishi Kapata, kando ya mji wa Kolwezi, katika nyumba ya kampani, kutotulia kwangu kulikuwa na sababu moja tu, nayo ilikuwa ufunguo.

Ufunguo wa nyumba haukuwa wetu. Mlango haukuwa wetu, wala mabati, wala chokaa ya ukutani, wala ile balbu iliyoning'inia sebuleni. Mume wangu aliendesha mashine kubwa ya kuchimba udongo kwenye shimo la shaba. Maadamu aliendesha, kampani ilitupa nyumba, unga wa bukari, yaani ugali wetu, samaki wa chumvi, dawa, na madaftari ya watoto. Siku atakapopewa pensheni, atapewa na baisikeli au redio, watu watapiga makofi, kisha atapeleka ufunguo ofisini. Nilikwisha kuwaona majirani. Jumamosi wanacheza ngoma, baada ya muda kitanda kiko nje barabarani, na mama mwenye nyumba anamwuliza mumewe: "Sasa tunaenda wapi, tata?" Tata anaitazama baisikeli.

Mi nilikuwa naamka alfajiri na swali hilo kooni. Ninafagia, ninalisikia. Ninasonga bukari, ninalisikia. Nikimwambia mume wangu tutafute kiwanja chetu, anacheka.

"Kampani njo baba, njo mama," anasema. "Wee ulisikia wapi mama anafukuza mutoto yake?"

"Baba na mama wanazeeka," ninamjibu. "Tena wewe si mutoto. Uko na mvi."

Halafu kulikuwa na jambo jingine, gumu kuliko cheko lake. Kwa wanaume wa kazi ile, kununua kiwanja kabla ya pensheni kulikuwa kujiitia mkosi. Walisema mtu wa namna hiyo anajichimbia kaburi, maana anaiambia kampani kwa mdomo wake kwamba amechoka nayo. Mmoja wao aliwahi kununua, akateleza ngazini akavunjika mguu. Mguu ule ukawa ushahidi kwa mtaa mzima. Kila nikifungua mdomo, mume wangu ananiletea mguu wa yule bwana mezani.

Sasa, mkate. Mkate ulianza kwa hasira. Mkate wa dukani ulipofika Kapata kutoka mjini ulikuwa mgumu, ukiutupa mbwa anakimbia. Na nyuma ya mstari wetu wa mwisho wa nyumba kulikuwa na kichuguu, kikubwa kushinda nyumba yenyewe, majani yameota juu, ambacho wajenzi wa zamani walikiacha bila shaka kwa uvivu. Watoto waliteleza juu yake kwa mabokisi. Wamama walikiepuka kwa sababu ya nyoka. Mi nilikitazama nikakumbuka kwetu kaskazini, upande wa Kongolo, ambako nikiwa msichana niliona fundi akichoma mikate ndani ya kichuguu. Udongo ule wa mchwa ukishapata moto hausahau. Unautoa moto asubuhi, mchana bado unakuchoma mkono.

Nikachukua jembe la mume wangu. Nilichimba mdomo ubavuni, nikaingia ndani kwa magoti nikipanua tumbo, nikatoboa juu tundu la moshi. Majirani walitoka kutazama. Jirani yangu mmoja, mjane aliyebaki kambini kwa sababu mwanawe naye aliajiriwa, alisimama mikono kiunoni.

"Mama, unatafuta shaba?" akauliza.

"Natafuta mukate."

"Yoo! Mukate mu bulongo, mu udongo ya muchwa! Haki ya Mungu, bwana yako akuoe mara ya pili, akili imekutoka."

Baada ya mwezi alikuwa anakanda unga pamoja nami, na mdomo wake haukupumzika.

Kazi ilikuwa hivi. Unajaza kuni tumboni mwa kichuguu, unawasha, unangoja kuta ziwe nyeusi, halafu ziwe nyeupe. Unakokota makaa nje kwa fimbo ndefu ya chuma. Unafagia kwa majani mabichi. Unatupa unga kidogo ndani: ukiungua papo hapo, ngoja, ukigeuka rangi ya chai polepole, ingiza mikate, ziba mdomo kwa bati, pakaza matope kandokando. Halafu hufungui. Hapo ndipo palipokuwa na adhabu yangu, mimi nisiyejua kukaa. Nilikizunguka kichuguu kama kuku anayetafuta pa kutaga, na yule mjane ananiambia, "Keti, mama, mukate haikimbie."

Wanaume wa zamu ya asubuhi ndio walionijenga. Walipita na kofia zao za chuma kabla jua halijatoka, harufu ikawakamata. Kwanza alisimama mmoja, halafu wote. Wakaja walimu. Wakaja wamama wa Dilala wenye meza zao sokoni, wakachukua mikate kwa mabeseni. Nikampa kazi yule mjane, nikatafuta mama mwingine wa kuleta kuni. Kila nilipofikia mahali, niliona mahali pengine. Mume wangu alikula mkate wa moto kila siku na chai yake, akapasua kipande, akanusa, akasema, "Hapa umeshinda bazungu." Halafu akaenda kazini kwa baba na mama yake.

Lakini nilijua jambo lililoninyima usingizi: tanuri langu lilikuwa limesimama juu ya ardhi ya kampani. Kitanda unakibeba kichwani. Sufuria unabeba. Kichuguu utakibeba na nini? Kadiri wateja walivyoongezeka ndivyo roho ilivyoniuma, maana nilikuwa nafuga ng'ombe katika zizi la mwenzangu. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Na kampani haikuwa hata ndugu.

Basi nikaanza kutembea. Kila nikimaliza mikate ya mchana, navaa kitenge kizuri, natoka. Ng'ambo ya reli, wazee wenye ardhi walikuwa wanauza viwanja. Walinionyesha vizuri, tambarare, vya karibu na kisima. Mi nilikuwa nauliza swali moja tu: "Na kichuguu?"

"Hapa hakuna, mama. Usiogope."

"Basi sitaki."

Walidhani ninawatania. Kila mtu alitaka kiwanja kisicho na kichuguu, maana kukisawazisha ni kazi ya wiki nyingi, na tena nani anajua kama hakuna mtu aliyezikwa chini yake. Mwishowe mzee mmoja alinipeleka mwisho kabisa, pale ambapo nyumba zilikuwa zinaisha na mashamba ya mihogo yanaanza. Kichuguu kilikuwa kimesimama katikati ya kiwanja, kipana, kikavu, bila ufa. Nilikigonga kwa kiganja. Eh, ndugu zangu! Moyo ulinipiga kama wa msichana aliyetumiwa barua.

Mzee hakutaka kumwuzia mwanamke asiye na mwanaume pembeni. Nikamburuta mume wangu siku yake ya mapumziko. Alivaa abakosti yake, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, akasimama amefunga mikono, akatazama mihogo. Mzee akamwuliza kama amekubali.

"Ile ni mambo yake," akasema.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu mpaka tukavuka reli. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Kama mashini inaniangukia, utajua." Niliudhika, kisha nikamhurumia. Haukuwa mzaha kwake. Aliogopa kweli.

Haikupita miaka mingi, wakamwita ofisini. Mashine haikumwangukia, walimwambia tu kwamba mvua zikikaribia atapumzika, na ufunguo urudishwe. Alirudi nyumbani saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kitandani na viatu. Nilitaka kusema "nilikuambia." Neno lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza na mate, maana alikuwa anatazama mikono yake.

Na siku zile zile unga wa ngano ukapotea. Mfanyabiashara aliyeniuzia, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, mtu wa maneno machache, alifungua ghala akanionyesha sakafu. "Mama, changanya na mihogo," akasema. "Lori langu linaenda Sandoa kesho. Kule mihogo mikavu iko, na ni myeupe." Niwaache wateja wangu bila mkate, wakati wa kuhama umekaribia? Hapana. Nikamwachia mjane watoto na tanuri, nikapanda juu ya magunia.

Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani. Nitarudi na mihogo. Nitachimba tanuri jipya katika kichuguu changu, nilikaushe kwa moto mdogo, na siku ya kuhama mkate utoke upande wa pili wa reli bila kukosa hata asubuhi moja. Nyumba itakuja baadaye. Mtu anayekula anaweza kungoja nyumba.

Lori liliharibika kwenda, likaharibika kurudi. Dereva alilala chini yake akaimba. Mi nilitembea mbele ya lori, nikarudi nyuma ya lori, nikaenda tena mbele, mpaka abiria wakanicheka. "Mama huyu anataka kufika Kolwezi kwa miguu!" Na kweli, kama si magunia yangu, ningekwenda. Wiki ziliisha barabarani.

Tulipofika, nilishusha mihogo kwangu. Mjane hakunitazama usoni.

"Bwana iko wapi?" nikamwuliza.

"Iko ku parseli yenu, ku kile kiwanja. Anakungojea. Na furaha yote." Akageuka akaanza kuosha beseni lililokuwa safi.

Nilivuka reli bila kunywa maji. Nilipopita nyumba za mwisho niliona moshi, nikaona wanaume, marafiki wa mume wangu wa mashine, wamekaa na kopo la munkoyo, kinywaji cha mahindi, wakipokezana. Nilimwona mume wangu amevua shati, matope hadi kiunoni. Nikatafuta kichuguu changu. Hakikuwepo. Ardhi ilikuwa tambarare, imefagiliwa, na katikati yake kulikuwa na tanuru kubwa la matofali, yamepangwa vizuri kwa pembe, na moto ukiunguruma chini.

"Mama!" akaita, mikono imefunguka. "Karibu! Tazama nyumba yako!"

Kwetu Katanga kila mwanaume anajua kwamba hakuna tofali linaloshinda la kichuguu. Na huyu wangu, maisha yake yote yalikuwa kuondoa kilima hapa na kukipeleka pale. Tangu nilipopanda lori, alikuwa amebomoa, amelowesha, amekanyaga, amefyatua na amepanga. Wenzake walimsaidia kwa zamu, wao waliomwogopesha kwa mguu wa yule bwana. Alikuwa ameniandalia zawadi. Na zawadi yenyewe ilikuwa tanuri langu.

Nilikaa chini. Mi, nisiyejua kukaa, nilikaa chini kwenye vumbi na kitenge cha safari. Wanaume wakaweka kopo chini.

"Kichuguu yangu," nikasema.

"Tulikitoa chote," akasema kwa majivuno. "Hata mizizi."

"Wee baba! Unakula mukate ya kichuguu miaka yote hii! Kila siku! Unafikiri nilinunua kiwanja hiki juu ya nini? Juu ya mihogo ya jirani?"

Nilimwona akielewa. Ilimchukua muda, na ilikuwa vibaya kutazama. Uso ulimshuka kidogo kidogo.

"Nilifikiri," akasema, "ulikinunua juu ya mabriki haya. Nilisema, bibi yangu iko na akili, amenunua kiwanja na nyumba iko ndani yake."

Nilipiga kelele. Sitaficha. Nilisema maneno ambayo mke hasemi mbele ya marafiki wa mumewe. Nilisema kampani ilimfundisha kubomoa tu. Nilisema nimetembea na jua la mwaka mzima kutafuta kichuguu kimoja, na yeye amekigeuza ukuta. Mmoja wa wenzake alisimama ili aondoke, mwingine akamshika nguo akae. Mume wangu alisimama karibu na moto, na nilipoishiwa pumzi nikaona viganja vyake. Vilikuwa vimepasuka, vikakauka, vikapasuka tena. Miaka yote ya mashine havikuwahi kuwa hivyo, maana pale alivuta vyuma tu. Hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo hakutumwa na mtu.

Maji yakimwagika hayazoleki, na matofali yakishashika moto huwezi kuyaambia yarudi kuwa kichuguu. Niliondoka bila kuaga. Nyumbani nilikaa na hasira siku mbili, nikitwanga mihogo ile ya Sandoa mpaka mjane akanionya kwamba nitatoboa kinu.

Siku ya tatu niliuliza, bila kumtazama, "Moto umezima?"

"Tumeziba midomo," akasema. "Kunapoa."

"Kunapoa namna gani? Mkono unaingia?"

Akaniangalia. Pole pole akaanza kutabasamu, mjinga yule.

Tulibeba beseni la unga uliokwisha kuumuka, nusu ngano, nusu mihogo, tukavuka reli mchana kweupe, yeye mbele, mi nyuma nikimwambia apunguze hatua na halafu aongeze. Akabomoa mdomo mmoja wa tanuru. Nikatupa unga ndani. Uliungua papo hapo. Tukangoja. Nikatupa tena, ukawa rangi ya chai. Nikaingiza mikate, naye akaziba mdomo kwa bati na matope, kwa uangalifu wa mtu anayefunga jeraha.

Mikate ilitoka mibaya. Upande wa ndani ilikuwa makaa matupu, upande wa nje ilikuwa laini kama uji. Tuliila pale pale, tukitema vipande vyeusi. Mume wangu alipasua chake, akanusa kama kawaida yake.

"Hapa bazungu wamekushinda," akasema.

Nilicheka nikiwa bado na hasira. Hayo mawili yanaweza kukaa pamoja, mtu aliyeolewa anajua.

Kisha akaacha kutafuna. Alitazama rundo la matofali muda mrefu. Nilijua anachokitazama: vyumba viwili, baraza, dirisha la upande wa jua. Alikuwa ameichora nyumba ile kwa kijiti ardhini, na mistari yake bado ilionekana.

"Tanuri moja linakula briki ngapi?" akauliza.

"Mingi. Ukuta wake lazima uwe munene, kama ule wa kichuguu."

"Basi nyumba itangoja."

Sikumwomba. Nataka mjue kwamba sikumwomba. Aliinuka, akaifuta ile michoro kwa mguu.

Siku ya ufunguo ilikuja. Walimpa redio. Walipiga makofi. Alivaa abakosti, akaweka ufunguo mezani, na karani, kijana wa watu, akamwuliza kwa heshima, "Sasa munahamia wapi, tata?" Mi nilikuwa mlangoni na niliushika moyo. Mume wangu akasema, "Ku mukate," akatoka. Karani hakuelewa kitu.

Mvua ya kwanza ilitukuta tuna tanuri kubwa la matofali, na nyumba hakuna. Tuliegemeza mabati kwenye ubavu wake, tukatundika blanketi upande wa upepo, tukalala hapo na watoto, migongo yetu ikiwa kwenye matofali. Ukuta wa tanuri ndio uliokuwa ukuta pekee tuliokuwa nao duniani. Ulikuwa na joto hadi asubuhi. Watoto walisema ni bora kuliko nyumba ya kampani, ambayo Juni na Julai ilikuwa na baridi ya kufa mtu. Mi sikulala vizuri. Nilisikiliza mvua, nikafikiria kuni zisilowe, nikafikiria wanaume wa zamu kama watavuka reli kufuata mkate.

Alfajiri niliamka kabla ya wote, nikamtikisa. Akakurupuka, akapapasa gizani akitafuta kofia yake ya chuma, kama alivyofanya miaka yote ile. Mkono wake ukagusa matofali. Akatulia.

Nikampa fimbo ya kukokotea makaa. Kwa mbali, upande wa Kapata, sireni ya zamu ya kwanza ilikuwa bado haijalia.

"Kampani gani hii," akanung'unika, "inaamusha batu mbele ya sireni?"

"Ya kwako," nikamwambia. "Amuka."